Kufuli ya Kabati Haitunzi Vitabu

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki vitabu hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati lenye kufuli, na sababu inayotolewa ni ile ile: watoto watavichana, watavipoteza. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba vitabu visivyo na hata alama ya kidole huonyeshwa wageni kama ushahidi wa utunzaji mzuri. Ni imani potofu, na wanaoilipia ni watoto.

Chanzo chake kinaeleweka. Vitabu vikifika shuleni hupigwa mhuri, huandikwa kwenye leja, na jina la mwalimu mmoja ndilo linalobaki kwenye karatasi. Kitabu kikipotea, huyo ndiye anayeitwa kujieleza. Kisiposomwa miaka kumi, haitwi mtu. Mwalimu anayefunga kabati kwa hofu ya kukatwa mshahara hana roho mbaya. Ametwishwa peke yake mzigo uliopaswa kubebwa na shule nzima.

Lakini je, kufuli inaokoa nini? Mchwa hawahitaji ufunguo. Na hata mchwa wasipofika, mtaala hubadilika. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023, na Tanzania Bara ilianza kutumia mtaala mpya Januari 2024. Kitabu cha mazoezi kilichotunzwa kikiwa kipya kwa ajili ya KCPE leo kimebaki karatasi tu. Mwaka 2012 kampuni ya BAE Systems iliilipa Tanzania pauni milioni 29.5 kutokana na sakata la rada iliyoiuzia nchi hiyo kwa bei iliyolalamikiwa kuwa kubwa mno, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatengwa kwa vitabu vya shule za msingi. Kitabu kilichopatikana kwa vuta nikuvute ya namna hiyo, kikiishia stoo, mtoto aliyekusudiwa amedhulumiwa mara ya pili.

Kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, kilithubutu kufanya kinyume. Mwaka 1999 Kate Parry, mhadhiri kutoka New York, akishirikiana na mkuu wa sekondari ya kijijini hapo, alianza na sanduku moja lenye vitabu 161. Wanafunzi wakaruhusiwa kuviazima. Sanduku likazaa chumba, na mwaka 2004 likasimama jengo la maktaba, lenye umeme wa jua, linalohudumia shule na wanakijiji kwa pamoja.

La kutazamwa kwa makini ni nani waliopewa kazi humo ndani. Baadhi ya wanafunzi walilipiwa karo, nao wakashika zamu maktabani: kuandika jina la anayeazima, kupokea kinachorudishwa, kupanga rafu, kuwasaidia wasomaji. Kijana ambaye kwingine anahesabiwa kuwa mwizi mtarajiwa, pale alikuwa mtunzaji, na mtu mzima aliyetaka gazeti alimfuata yeye. Hapo ushirikiano haukuhubiriwa kwenye mkutano wa asubuhi. Ulifanywa kwa zamu, kwa kalamu na daftari. Mwaka 2007 maktaba za aina hiyo ziliunda chama chao cha kitaifa nchini Uganda.

Wapo watakaosema kwamba Kitengesa ilikuwa na wafadhili. Ni kweli, na jengo linahitaji fedha. Kumwamini mwanafunzi kunahitaji uamuzi tu. Kenya ilionyesha hivyo Garissa, ambako mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia hadi kwenye shule na kambi za wafugaji. Watu hao huhama wakifuata malisho, na bado waliazimishwa. Shule yenye kuta, mlango na orodha ya mahudhurio ya kila siku ina kisingizio gani?

Wizara zianze na leja. Ziweke kiwango cha upotevu kinachokubalika kila mwaka, ambacho mwalimu hataulizwa. Mkaguzi adai daftari la kuazimia kwanza, ndipo ahesabu nakala. Na ufunguo utoke mfukoni mwa mtu mmoja, ukabidhiwe kamati: mwalimu wa maktaba, wanafunzi wa madarasa ya juu, na mzazi anayeishi jirani na shule. Zamu zao zibandikwe mlangoni, pamoja na saa za kufungua, zikiwemo za Jumamosi na za likizo, wakati watoto wengi hawana kitabu chochote nyumbani.