Msimu Usio na Kipigo Hauna Hadithi

Hapa Makambako wapo vijana wanaocheza Football Manager kwenye kompyuta, na kila mmoja ana msimu wake wa kusimulia: mechi 38, hakufungwa hata moja, ubingwa kautangaza zikiwa zimebaki mechi sita. Rafiki zangu wa fasihi wanasema hiyo ndiyo riwaya mpya. Nabisha.

Wabane kidogo watakwambia siri yenyewe. Wakifungwa wanazima bila kusevu, wanairudia mechi mpaka washinde. Sasa hiyo ni hadithi gani, jamani? Ni mwandishi anayechana kila ukurasa ambao shujaa wake anaumia, halafu anataka tumpigie makofi.

Yanga walitwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi, wakaendelea hadi mechi 49 za ligi. Novemba 2022 wakaja Mbarali, hapo tu ukishuka kuelekea Mbeya, na Ihefu wakawapiga 2-1. Ihefu! Timu ya kwenye mashamba ya mpunga. Kocha Nabi hakuwa na kitufe cha kurudia. Ndiyo maana vijiweni ile 49 bado inasimuliwa, na shabiki wa Yanga akifika Mbarali sauti inashuka.

Halafu kuna Njombe Mji, timu ya mkoa wetu. Ilicheza Ligi Kuu 2017/18, ikashuka msimu huohuo. Nyie mnaosifia mataji ya kwenye kompyuta, nani kati yenu ameuandikia msimu ule hata kurasa mbili?