Usimfiche Tabibu Dawa Unayokunywa



Miezi miwili iliyopita alinijia mama mmoja baada ya sala ya alasiri, akataka nimwombee dua bintiye. Nasimulia kisa chao kwa idhini yao, bila ya kutaja jina wala mtaa, kwani kina funzo kwa nyumba nyingi.

Binti huyo alianza kunenepa uso na tumbo, na presha ikapanda. Daktari akashuku kuwa tezi zilizo juu ya mafigo, ziitwazo adrenali, zatoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, maradhi yajulikanayo kwa jina la Cushing. Akamuuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?" Mavyaa yake alikuwa ameketi ubavuni. Binti akajibu, "Hakuna." Na hali tangu utotoni anameza fenitoini ya kuzuia kifafa, na huko ukweni hapana ajuaye ila mumewe.

Akapimwa. Majibu yakasema kotisoli iko juu. Akaandikiwa vipimo vya picha vya gharama kubwa, na mkufu wake wa dhahabu ukawa karibu kuuzwa. Nilimuuliza yule mama, "Je, daktari anajua habari ya kifafa?" Akainamisha kichwa. Nikawaombea dua, kisha nikamwambia wamrudie daktari na pakiti zote za dawa mkononi.

Alichoelezwa huko ndicho nitakacho mkijue. Kipimo kile huanza kwa kidonge cha deksamethasoni cha miligramu 1, kinachomezwa baina ya saa tano na saa sita ya usiku. Damu hutolewa asubuhi, mnamo saa mbili. Kidonge hicho hufanana na homoni ya mwili. Ubongo ukikihisi, huacha kuziamrisha tezi, na kwa mtu mzima wa afya kotisoli ya asubuhi hushuka sana. Isiposhuka, daktari hushuku maradhi.

Lakini fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hulichochea ini kuvunjavunja dawa kwa kasi. Deksamethasoni humalizwa usiku kabla ya kutimiza kazi yake. Asubuhi kotisoli huonekana iko juu, ilhali tezi hazina kosa lolote. Kipimo hakikusema uongo. Sisi ndio tuliokificha nusu ya habari.

Daktari akijua mapema, ana njia nyingine: kupima kotisoli katika mkojo wa saa 24, au katika mate ya usiku, au kupima deksamethasoni yenyewe imebaki kiasi gani katika damu. Binti yetu alipimwa mkojo, na alhamdulillahi, tezi zake zikaonekana salama. Sasa anatibiwa presha na uzito, na mkufu u shingoni mwake.

Mama zangu na dada zangu, jambo hili lina pande nyingine. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni navyo huipandisha kotisoli inayopimwa katika damu, na dawa hizo za kifafa zaweza kuvidhoofisha vidonge hivyo hivyo hata mimba ikaingia. Na mgonjwa ambaye tezi zake ni dhaifu, akawa anatumia haidrokotisoni, huenda akahitaji kiasi zaidi akianza dawa hizi. Yote haya ni ya kuambiwa daktari.

Nawausia sana: asiache mtu dawa ya kifafa kwa sababu ya kipimo. Athari yake katika ini haiondoki kwa siku mbili tatu, na kuikata ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma, likaua.

Ama aibu, kumbukeni yule mwanamke wa zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliyekuwa na kifafa. Habari yake imo katika Bukhari na Muslim. Alikwenda mwenyewe kueleza maradhi yake, naye hakukemewa wala hakudharauliwa, bali alibashiriwa Pepo kwa subira yake. Basi vipi sisi tuyafanye maradhi hayo kuwa fedheha?

Kujisitiri mbele za watu ni haki ya mgonjwa, lakini tabibu si katika hao watu. Siri yako kwake ni amana. Kwa hiyo nanyi mavyaa, mkimsindikiza mke wa mwanenu, mwacheni aingie peke yake akitaka. Na wewe binti, ukiona haya kusema, mpe daktari pakiti aisome mwenyewe. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atusitiri sote. Amin. Wabillahi tawfiq.