Si kila homa ni palu, na si kila ugonjwa murefu ni karuho

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobakia ku nyumba, leo siandike juu ya bei ya koltan wala juu ya kodi za barabarani. Nataka kusema juu ya homa moja yenye inatukula polepole huku Masisi, na karibu hakuna mutu anaiita kwa jina lake.

Mwenzetu mumoja wa ekipe alianza na homa ya mangaribi. Usiku jasho inatoka mpaka shuka inalowana, asubuhi anapata nafuu, anashuka ku shimo. Kisha mugongo ukaanza kuuma, kisha magoti. Ku kituo cha afya wakamupa dawa ya palu mara tatu, bila kupima hata mara moja. Nyuma wakasema ni tifoide. Miezi ine ikapita. Bibi yake, mwenye kunywa maziwa ile ile, akapoteza mimba. Hapo midomo ikafunguka: ni karuho! Wakamunyooshea kidole mama jirani mwenye kuwauzia maziwa. Kidogo tu wamuchomee nyumba. Familia ikauza mbuzi wa mwisho, wakamupeleka ku hopitali ya mujini, wakamupima damu: bruselozi. Yule mama hakuweka sumu yoyote. Lakini ugonjwa ulitoka kweli ndani ya maziwa.

Bruselozi ni ugonjwa wa ngombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Ngombe anatupa ndama kabla ya wakati, na mikrobe inapita ndani ya maziwa na damu yake. Mutu anaipata kwa kunywa maziwa mabichi, kwa kula fromaji ya maziwa yasiyochemshwa, ao kwa kushika ndama aliyekufa kwa mikono mitupu. Mashanza nayo haitukingi: kuchacha peke yake hakuui mikrobe yote. Mwanaume anaweza kuvimba mapumbu, mwanamuke anaweza kupoteza mimba.

Musiseme ni ugonjwa wa mara moja moja. Jirani zetu wa Tanzania walifuata wagonjwa 870 wa homa waliolazwa ku hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008. Waganga waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vilionyesha malaria kwa 14 tu. Kati ya 453 waliopimwa bruselozi, 16 walikuwa nayo. Kwetu malaria iko mingi kuliko Moshi, ndiyo, kwa hiyo homa yote ipimwe malaria kwanza. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, kwa nini tunaendelea kumeza dawa yake? Na sisi, kilima cha koltan na kilima cha ngombe vinagusana. Maziwa ndiyo chakula cha haraka cha muchimbaji anayepanda kazini alfajiri.

Wengine wananiuliza: sendika inatafuta nini ku mambo ya ngombe? Ninajibu: mutu asiyeweza kuinama hawezi kushika nyundo. Ekipe inamutosha, deni inapanda, watoto wanafukuzwa masomo. Hiyo ni mambo ya kazi.

Basi tufanye hivi. Ku nyumba, maziwa yachemke mpaka yapande, na mashanza itengenezwe na maziwa yaliyochemshwa. Hiyo inaomba makala kidogo tu. Tusiache kununua kwa wafugaji, na tusiwatukane: mikrobe haina kabila, na mufugaji ndiye wa kwanza kuugua.

Ku kituo cha afya, tuombe kipimo kinachoitwa Rose Bengal. Tone moja la serumu ya damu, dakika ine, jibu la kwanza linapatikana. Dawa yake inaomba frigo, hata ndogo ya solari. Mwenye kuwa na ugonjwa atapewa dawa mbili pamoja, mara mingi doksisiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Wiki sita, ndugu! Si kuacha siku ya kumi juu homa imeshuka, na si kugawana vidonge na rafiki. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na sisi wa mashimo tunakijua kifua kikuu. Muganga akipime kwanza.

Kampuni zenye ruhusa ya kuchimba, Code minier ya 2018 inazilazimisha kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Wakati wa kuandika mipango, wajumbe wetu wasiombe tu bati za masomo. Waombe frigo ile, kipimo, na chanjo ya mitamba.

Na siku mwenzako atakapougua miezi mingi, kabla ya kumutafutia mulozi, muulize: maziwa unayokunywa, ulichemsha?