Ua Linalotibu Udongo wa Nyanya



Wiki hii tunawaalika mama, dada na wazazi wetu tuifuate nyanya hadi inakotoka. Nyanya nyingi tunazonunua katika masoko yetu hazikuota mwambao. Huletwa kutoka bara. Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa zao hili, na mji wa Kutus umezungukwa na mashamba yake, hadi kufikia nyanda za mpunga za Mwea.

Mkulima wa huko ana adui asiyemwona. Ni minyoo fundo, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo huishi udongoni na kuingia katika mizizi. Mzizi ulioingiliwa huvimba mafundo, ukashindwa kunyonya maji na chakula. Mnyanya hunyauka jua la adhuhuri hata kama umenyweshwa asubuhi, hudumaa, na matunda yake huwa haba. Jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa, na katika udongo wenye joto kizazi kipya hukamilika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Basi shamba likipandwa nyanya msimu baada ya msimu, adui huyo huwa amewekewa karamu isiyokwisha.

Wengi hukimbilia sumu. Zipo zilizokwisha kuondolewa duniani: gesi ya methili bromidi, iliyokuwa ikipulizwa udongoni kuua kila kiumbe, ilipigwa marufuku katika kilimo cha kawaida chini ya Mkataba wa Montreal kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015 kuiacha. Zilizobaki nazo si za kuchezea. Wanaopanda, wanaopalilia na wanaochuma mara nyingi ni wanawake, na pengine wana watoto wachanga mgongoni. Chakula cha halali hutakiwa pia kiwe kizuri, na uzuri wake huanzia kwa usalama wa mikono iliyokilima.

Iko njia nyingine, nayo ni ua la marigoldi. Si ua la kikuba wala la kusukia vishada vya asumini, kwa maana harufu yake ni kali. Faida yake imo chini ya ardhi. Mizizi yake iliyo hai ina kemikali iitwayo alfa-terthienili, ambayo huua minyoo inapojaribu kuingia. Aidha minyoo mingi ikishaingia humo hushindwa kukua na kuzaa. Jamaa wa ua hili, ambaye Wakikuyu humwita mubangi, huota wenyewe kando ya njia na mashamba ya huko, na wengi humng'oa kama gugu.

Lakini tiba hii ina masharti. Kupanda maua machache pembezoni mwa minyanya hakutoshi, kwani minyoo huendelea kula mizizi ya nyanya iliyo jirani. Yafaa tuta zima lipandwe marigoldi peke yake, kabla ya nyanya, mche na mche ukiachana chini ya shubiri moja, na libaki hivyo kwa miezi miwili au zaidi. Magugu yang'olewe, maana mengi kati yake huihifadhi minyoo ile ile. Kisha maua yakatwe kabla ya kukomaa mbegu, yafukiwe udongoni. Mwenye kupanda mubangi azingatie sana jambo hili, kwa kuwa mbegu zake ni nyingi na zikimwagika huleta usumbufu mpya.

Tusilipe ua sifa lisizostahili. Aina za marigoldi hazilingani, na aina za minyoo hazilingani. Iliyofaa shamba moja huenda isifae jingine, ndiyo maana kupima udongo na kumwuliza afisa wa kilimo ni bora kuliko kubahatisha. Halizuii kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya aliyeingia Kenya mwaka 2014. Tena laweza kuwa makao ya utitiri mwekundu, hivyo majani yake yachunguzwe.

Uzito hasa uko kwenye kodi. Wengi hulima mashamba ya kukodi, na kodi hulipwa kwa msimu. Miezi miwili ya maua ni miezi miwili isiyo na nyanya za kuuza, ilhali karo na chakula havisubiri. Mpangaji wa msimu mmoja hana sababu ya kutibu udongo atakaouacha kwa mwingine. Kwa hiyo twawasihi wenye ardhi, wakiwemo ndugu zetu Waislamu walioko katika miji ya Mlima Kenya: andikianeni ijara ya miaka miwili au mitatu, muda na kodi vikijulikana, na msimu wa kupumzisha ardhi upunguziwe kodi. Mwenye shamba hatapata hasara, kwani udongo uliotibiwa ni wake. Naye mkulima aanze na robo ya shamba, azungushe robo hiyo kila mwaka, ili nyumba isikose riziki.

Nasi wa pwani tusijione tuko mbali. Minyoo fundo hustawi zaidi katika udongo wa kichanga kama wetu, nayo hupenda bilingani na bamia za uani. Mmea ukidhoofu bila sababu, ung'oeni mtazame mizizi. Kwenye kunde, msichanganye: vinundu vyenye manufaa hubanduka kwa urahisi vikisuguliwa kwa kidole, bali fundo la minyoo ni sehemu ya mzizi wenyewe na halibanduki. Mkiliona, tengeni tuta hilo, mlipande marigoldi tupu, na watoto wapewe kazi ya kulinyweshea na kulipalilia.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, wakala humo binadamu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Twamwomba Mola azitie baraka ardhi zetu na mikono ya wanaozilima. Amin.

Wabillahi tawfiq.