Kifungu na Maswali Yake

"Mkwandu alimbifua chopole kandoni mwa vugilo." Nani alimbifua chopole? Mkwandu. Alimbifulia wapi? Kandoni mwa vugilo. Hongera, msomaji: umepata alama zote, ilhali hukuelewa hata chembe, kwani maneno hayo nimeyabuni mimi na hayana maana yoyote. Kwa hila hiyo hiyo vijana wetu huvuka mtihani wa ufahamu wa Kiingereza. Hulitafuta neno la swali ndani ya kifungu, wakachopoa lililo jirani yake. Nasi twaliita zoezi la kusoma!

Watetezi wa mtindo huu hudai kuwa lugha ya kigeni ni nzito, basi mtoto alishwe aya moja moja, na kitabu kizima kingoje mpaka sarufi imkae sawasawa. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kunawa uso. Lugha huzoeleka kwa wingi wake: neno lile lile kulikuta leo kinywani mwa mzee, kesho kinywani mwa mwizi, mpaka likawa lako.

Wenzetu wa visiwani Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya pili, walilijaribu jambo hili zamani. Kuanzia 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai waliyapa madarasa ya nne na ya tano, katika skuli 8 za mashamba, vitabu 250 vya hadithi, vingi vikiwa na picha. Watoto wakasoma dakika 20 hadi 30 kila siku. Baada ya miezi 8 maendeleo yao ya kusoma na kusikiliza yalikwenda kwa kasi ya maradufu. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye sarufi na uandishi. Sarufi, waungwana, ilikuja nyuma ya hadithi.

Tanzania nayo haikukosa kuambiwa. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilionesha kuwa wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakukimudu Kiingereza walichofundishiwa. Vikaja vitabu vilivyorahisishwa, kwa msaada wa Uingereza. Lakini nimekwishaona kabati la skuli limejaa vitabu vya namna hiyo, vipya, na kufuli mlangoni, ati visichakae. Kitabu kisichochakaa kimemfaa nani?

Wapo pia wanaokiona Kiswahili kuwa kizuizi, wakampiga marufuku mtoto asikitamke. Mimi mfasiri nasema kinyume chake. Aliyesoma *Kisiwa Chenye Hazina* kwa lugha ya mama yake tayari anamjua Jim, anamwogopa Silver mwenye mguu mmoja. Mpe hadithi hiyo hiyo kwa Kiingereza chepesi: hapapasi tena nani ni nani, kilichombakia ni maneno tu, na hayo mengi atayakisia.

Sisi wa ushairi tusijitie kando. Kumkaririsha mtoto beti za Kiingereza kwa ajili ya siku ya wageni, huku hajui asemalo, ni kifungu kile kile kilichovishwa kanzu ya sikukuu.

Basi itengwe nusu saa kila siku, kitabu mkononi mwa kila mtoto, achague mwenyewe, na mwishoni asiulizwe swali hata moja. Ufunguo wa kabati apewe mwanafunzi wa zamu.