Mwili Usio na Roho

Mzazi amwonapo mwanawe ameinamia kitabu cha picha hujisemea, "Hizo ni katuni tu," akaenda zake. Katika toleo hili tunamwomba mzazi huyo arudi, aketi kando ya mwanawe na asome naye.

Wajapani huchapisha manga, yaani hadithi za picha, kwa watu wa rika zote, watu wazima wakiwamo. Mojawapo ni Highschool of the Dead, iliyotungwa na Daisuke Satō na kuchorwa na Shōji Satō, ikatoka katika jarida la Monthly Dragon Age tangu mwaka 2006 hadi 2013. Mwaka 2010 ilifanywa filamu ya katuni ya vipindi 12. Mtunzi alifariki mwaka 2017 hali hadithi haijakamilika.

Habari yake ni ya maiti wanaoinuka na kuwala walio hai. Tuseme haki: mwanzo wake ni mzito. Kijana Takashi analazimika kumwua rafiki yake Hisashi, aliyeng'atwa na kugeuka. Hapo msomaji anaulizwa swali la kweli: dola na sheria vikianguka, utu wa mtu husalia wapi? Lakini kabla swali halijajibiwa, mchoraji huligeuza jicho letu kwenye vifua na mapaja ya wasichana wa shule wanaoyakimbia mauti, ili tucheke na kutamani pale pale tulipopaswa kuhuzunika.

Mtindo huo wa mvulana mmoja kuzungukwa na wasichana wanaompenda huitwa "harem". Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni moja na la haramu na maharimu: lenye hifadhi, lisiloingiliwa. Leo jina la hifadhi limekuwa jina la kuivua hifadhi. Zombi naye ametoka Haiti, ambako Waafrika waliotiwa utumwani na wazao wao walihofu kuwa maiti aweza kuinuliwa akatumikishwe, kama isemwavyo kwetu juu ya misukule. Ilikuwa hofu ya mtumwa kwamba hata mauti hayatamweka huru.

Basi tazameni mgongano huu. Hadithi inatutaka tuuogope mwili uliopotewa na roho, na papo hapo inamzoeza kijana kumtazama msichana kama mwili usio na roho.

Mwaka 2015 Wizara ya Utamaduni ya China iliitia kazi hii katika orodha ya kazi 38 za Kijapani ilizozipiga marufuku. Marufuku hufunga mlango mmoja, na simu ya kijana ina milango mingi. Mzazi aliyesoma pamoja na mwanawe, akamwuliza, "Huyu aliyechorwa hapa ni mtu au ni nyama?" amemwachia mlinzi atakayekuwa naye hata akiwa peke yake.