Stima ikipotea, soma
Jumamosi stima ilipotea mchana kutwa, laptopu ikazimika, nikamaliza vitabu viwili. Cha kwanza ni The Mythical Man-Month (1975) cha Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 pale IBM. Bado kinauma: ukiongeza watu kwenye programu iliyochelewa, itachelewa zaidi, maana wageni watafunzwa na walewale waliolemewa. Kazini wiki hii tumeongezewa watatu! Mimi ningepunguza kazi, si kuongeza watu. Kitabu nimemwachia meneja mezani, tuone.

Cha pili ni Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Shuleni tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii nilikwenda polepole, na Kongowea kumtafuta babake kumenigusa kweli. Mama watoto keshakichukua.